Kilomita Ndizo Zinazolipa: Petroli, Gesi, Umeme au Siti ya Mwendokasi?

Jirani yangu wa Mbezi Mwisho ana Toyota IST na swali moja ambalo amekuwa akinisalimia nalo kila asubuhi tangu Mwaka Mpya: aweke gesi, au aendelee na petroli? Shemeji yake, dereva wa teksi za mtandaoni, aliweka zamani na haachi kujisifu. Bodaboda wa kijiweni kwetu naye ameanza kuuliza habari za pikipiki za umeme. Kila mmoja ana hesabu yake, na kila hesabu inaishia kwa maneno yale yale: "Halafu wanasema haitoi moshi."

Nimekaa na kalamu kuzipiga hesabu hizo, kwa sababu maswali yako mawili na watu huyachanganya kuwa moja. Kuna swali la mfuko, na kuna swali la pumzi ya mji. Mara nyingine yana jibu moja, mara nyingine hayana. Nimetumia bei za mduara ili msomaji aweze kuweka zake: petroli shilingi 3,000 kwa lita, gesi asilia shilingi 1,550 kwa kilo, na umeme wa nyumbani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Bei ya petroli hubadilika. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Basi usinikabe koo mwezi ujao.

Tuanze na jirani. Mbezi Mwisho mpaka Posta na kurudi tuite kilomita 40. Kwa foleni ya Barabara ya Morogoro, IST yake inakwenda kilomita 10 kwa lita, na hapo nimemhurumia. Ni lita 4 kwa siku, shilingi 12,000. Kwa siku 22 za kazi inafika 264,000, kabla ya oili, matairi na parking.

Sasa gesi. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli; mimi nimeweka 1.45 nisije nikapendelea upande. Lita zake nne zinageuka kilo 2.76, shilingi 4,276 kwa siku, 94,000 kwa mwezi. Lakini gari la gesi halijaachana na petroli: injini huwaka kwa petroli kwanza, ikipata joto ndiyo inahamia kwenye gesi. Weka lita tano kwa mwezi za kazi hiyo, jumla inakuwa kama 109,000. Anaokoa 155,000. Kufunga mfumo kwa gari dogo la silinda nne ni kama milioni moja na nusu hadi mbili na nusu, kutegemea mtungi na aina ya mfumo. Tukichukua milioni mbili, pesa yake inarudi baada ya miezi 13.

Miezi 13 si mibaya. Ila mke wa jirani huyo huyo ana gari la pili, la dukani na kanisani, ambalo halizidi kilomita 15 kwa siku. Kwa gari hilo gesi inaokoa kama shilingi 53,000 tu kwa mwezi, na milioni mbili zinarudi baada ya miaka mitatu na ushei. Na shemeji mwenye teksi? Anakimbia kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Petroli ingemla 45,000 kila siku. Gesi inamla 16,000. Tofauti kwa mwezi ni zaidi ya laki saba na nusu. Alichofunga kilijilipa kabla ya miezi mitatu kwisha.

Mfumo ni ule ule, fundi yule yule, na mtungi unaochukua nusu ya buti ni ule ule. Kinachotofautisha watu hawa watatu ni kilomita. Nalisema hili mapema kwa sababu matangazo ya mafundi hayalisemi: yanakupa asilimia ya akiba, na asilimia ni ile ile kwa mtu wa kilomita 15 na mtu wa 150. Asilimia hailipi fundi.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti: foleni ya kujazia. Magari yaliyofungwa gesi Dar es Salaam yameongezeka haraka kuliko vituo, na mwenye bajaji anayefika kituoni saa kumi na moja alfajiri anaweza kukuta wenzake kumi wameegemea usukani wanasinzia. Mtungi wa lita 60 za ujazo ukijazwa kwa shinikizo la bar 200 unabeba kama kilo 10, yaani mwendo wa kilomita 145 hivi. Shemeji anajaza kila siku. Akipoteza saa mbili kila siku, na saa moja ya kazi ikamwingizia 5,000, ni 260,000 kwa mwezi zilizobaki kwenye foleni. Bado gesi inaishinda petroli kwa mbali. Kwa jirani wa kilomita 40, anayejaza mara mbili kwa wiki, foleni ni kero zaidi kuliko hasara. Ila kwa gari la dukani, foleni moja tu ya Jumamosi inakula akiba ya wiki nzima. Ningekuwa mke wa jirani, nisingesogea.

Nitoke njiani kidogo, maana hili limeshaleta ugomvi kijiweni. Gesi ya gari si ile ya kupikia. Gesi asilia inatoka Songo Songo kule Kilwa, iliyofika Ubungo mwaka 2004, na Mtwara, ambako bomba lake lilikamilika 2015. Ni metheni, nyepesi kuliko hewa; ikivuja inapanda na kutawanyika. Ya mtungi wa jikoni ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya. Fundi anayekuambia atakufungia mtungi wa jikoni "kwa bei ya kishkaji" mwambie asante, ukaondoke. Mtungi wa gari ni wa shinikizo kubwa, una tarehe ya kupimwa upya, na karatasi zake ni sehemu ya gari kama kadi ilivyo. Ukinunua gari la mkononi lililofungwa gesi, omba karatasi hizo kabla hujaomba punguzo.

Je, moshi? Gari la gesi halitoi masizi kama la dizeli, na hewa ukaa inapungua kiasi ukilinganisha na petroli. Lakini "halitoi moshi" ni maneno ya kijiweni. Oksidi za nitrojeni bado zinatoka, na metheni inayovuja bila kuungua hupasha joto angahewa kuliko hewa ukaa. Kwa gari la petroli lililo zima, kuhamia gesi ni faida kubwa ya mfuko na faida ndogo ya pumzi.

Na hapo kwenye "lililo zima" ndipo mahali ambapo wengi wetu tumeuza afya za watoto wetu kwa bei ya karanga. Magari mengi tunayoyanunua Japani yanashuka bandarini na kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, kile mafundi wanachokiita masega. Ndani yake mna madini ya thamani, platinamu na wenzake, na kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi na petroli ambayo haijaungua kuwa hewa isiyodhuru sana. Gari likipungua nguvu kidogo, fundi anashauri yatolewe "gari lipumue". Gari linapumua kweli. Masega yanauzwa, mwenye gari anapewa chenji au hapewi kabisa, na tangu siku hiyo gari lile linachafua mara nyingi zaidi ya lilivyotengenezwa. Niliwahi kuliacha gari gereji moja kwa kubadilisha plagi. Nikalikuta linanguruma kama la mashindano. Sikuulizwa, na sikurudishiwa kitu. Kuyabakiza masega ni bure. Kubadilisha plagi na kichujio cha hewa kwa wakati ni pesa ndogo inayorudi kwenye petroli. Kwa mwenye gari la kilomita 15, hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwa mfuko na kwa hewa, na hakuna anayeitangaza kwa sababu hakuna anayeuza kitu.

Tumetoka mbali, tusisahau. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika Mashariki mwishoni mwa 2005, na tangu Januari 2015 dizeli ya kanda hii inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Mafuta yale ya zamani yangeyaua masega hata kama fundi asingeyagusa. Leo mafuta yanaruhusu ekzosi safi. Kinachobaki ni sisi na gereji zetu.

Haya, tuache gari nyumbani. Nauli ya mwendokasi tuseme 750, na daladala la kuunganisha 600: kwenda na kurudi ni 2,700, kwa mwezi 59,400. Hakuna gari la petroli, la gesi wala la haibridi linalogusa hapo kwa mtu mmoja. Haibridi, Aqua na ndugu zake, ambayo kwenye foleni hutembea kwa mota ya umeme na kufika kilomita 18 kwa lita, ingemla jirani 147,000 kwa mwezi: inaipita petroli mbali lakini haiifikii gesi, na betri kuu ikifa inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima na zaidi. Sifa yake ni kwamba foleni, inayoyaua magari mengine, ndiyo mahali pake.

Lakini hesabu ya nauli ina upande ambao mashabiki wa mabasi hawapendi kuuona. Wakitoka watu watatu nyumba moja, baba, mama na binti wa chuo, nauli zao ni 178,000. Gari la gesi limebaki pale pale kwenye 109,000, hata ukiongeza matairi na oili linakaribiana na basi. Kwa familia ya watu watatu wanaokwenda upande mmoja, gari la gesi halina haya ya kusimama karibu na mwendokasi. Mtu mmoja ndani ya gari la siti tano, huyo hana hesabu inayomtetea.

Upande wa pumzi basi linashinda hata likiwa kuukuu, na hili huwashangaza watu wanaoliona linavyotapika moshi. Basi refu la mwendokasi likila nusu lita kwa kilomita na kubeba watu 140, safari ya kilomita 20 inamhesabia kila abiria vijiko vitano vya chakula vya dizeli. Coaster la daladala lililojaa halitofautiani sana. Jirani peke yake kwenye IST anachoma lita mbili. Ugumu uko kwenye aina ya moshi. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo likashusha kiwango kinachoshauriwa cha chembe laini, zile ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Coaster yenye nozeli zilizochoka humwaga chembe hizo usoni kwa wanaosubiri kituoni, na wanaosubiri kituoni ndio wasiokuwa na gari. Anayelipa nauli ndogo ndiye anayevuta moshi mwingi, na bado ndiye anayechafua kidogo kuliko wote barabarani.

Ukiwa kwenye gari lako nyuma ya Coaster hiyo, usidhani vioo vimekuokoa. Kiyoyozi kinachovuta hewa ya nje kinakuletea ekzosi ya mbele yako. Bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani unapokuwa kwenye foleni nzito, kisha fungua hewa mpya barabara ikiwa nyeupe, kwa maana watu wanne wakifungiwa saa nzima huanza kusinzia. Ni bure, na magari mengi yanacho.

Sasa bodaboda, na hapa nitakaa. Pikipiki ya petroli inakula kidogo, na kwa sababu hiyo tumezoea kuiona haina hatia. Nyingi hazina masega kabisa, na kwa kila kilomita zinaweza kutoa kaboni monoksaidi na mvuke wa petroli zaidi kuliko gari jipya dogo. Halafu zinakimbia kutwa nzima, kwenye vichochoro, puani pa watu. Kwa hiyo hapa ndipo swali la mfuko na swali la pumzi yanapopeana mkono.

Kijana wa kijiweni kwetu anakimbia kilomita 120 kwa siku. Kwa lita mbili na nusu kila kilomita 100, anatumia lita 3, shilingi 9,000. Pikipiki ya umeme ya ukubwa huo inakula kama uniti 4 kwa kilomita 100. Ukiongeza unaopotea kwenye kuchaji ni uniti 5.5 kwa siku, kasoro kidogo 2,000. Anabakiwa na 7,000 kila siku, 182,000 kwa mwezi, na oili ya injini anaisahau. Pikipiki ya umeme ikimzidi bei ya ile ya kawaida kwa milioni moja, tofauti inarudi ndani ya miezi sita.

Kabla hajakimbilia duka, kuna shimo la LUKU. Nyumba nyingi za uswahilini ziko kwenye kundi la matumizi madogo, wanaolipa 122 kwa uniti pamoja na kodi, na sharti ni kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake inataka uniti 143. Nyumba inatolewa kwenye kundi hilo, na uniti 60 za taa, feni na televisheni zilizokuwa zikigharimu 7,300 zinapanda hadi 21,400. Akiba bado ni kubwa, ila mama mwenye nyumba ndiye atakayeiona bili kwanza, na ugomvi utaanzia uani. Afunge mita yake, au alipe tofauti kwa hiari kabla hajaulizwa.

Shimo la pili ni betri. Betri nzuri ya lithiamu huvumilia kuchajiwa mara 1,000 hadi 2,000 kabla uwezo wake haujashuka sana. Akichaji mara mbili kwa siku, ni mara 600 na zaidi kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu anahitaji nyingine. Anayemuuzia bila kumwambia bei ya betri mpya anamuuzia nusu ya habari. Ndiyo maana Nairobi na Kigali ulienea mtindo wa kubadilishana betri: unaliacha tupu kituoni, unachukua lililojaa, unalipia unachotumia, na betri likichoka ni mzigo wa kampuni. Faida yake ni dakika chache badala ya saa za kuchaji, na bei ya kununulia pikipiki inashuka. Hasara yake ni kwamba ile akiba ya 7,000 unagawana na kampuni, na kampuni ikifunga vituo, pikipiki yako inabaki pambo. Swali la kuuliza ni vituo vingapi viko kwenye njia zako wewe, si kwenye ramani ya tangazo.

Kigali wameondoa mjadala kwa njia yao: tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria mjini humo lazima iwe ya umeme. Sisi tunaiachia kalamu ya kijana mwenyewe. Umeme wake walau hautoki kwenye moshi kama wengi wanavyodhani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kutoa umeme Februari 2024, na sehemu kubwa ya umeme mwingine inatoka kwenye gesi ileile ya kusini. Vumbi la breki na matairi litabaki, la barabara ya udongo litabaki. Kinachoondoka ni kile kinachotoka ekzosi, mbele ya geti la shule, saa moja kasoro asubuhi.

Na gari la umeme? Nilipiga hesabu kwa udadisi tu: kilomita 40 kwa siku zingemgharimu jirani kama 52,000 kwa mwezi kwa umeme wa nyumbani, chini ya nauli ya mwendokasi. Akafurahi sana. Kisha akauliza bei ya gari lenyewe, tukarudi kuzungumzia mvua.

Wiki iliyopita alifikia uamuzi. IST inawekwa gesi, mfumo wenye karatasi, na siku tatu kwa wiki anawabeba majirani wawili wa mtaa wa nyuma wanaochangia 2,000 kila mmoja, kwenda na kurudi. La mke limepelekwa kubadilishiwa plagi tu, na safari hii jirani mwenyewe alikaa gereji, kiti kimegeuzwa kutazama ekzosi.